Fataki za Hurumzi na Wenyeji wa Juzi

Usiku wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, fataki zilirindima Hurumzi, mtaa wetu wa Mji Mkongwe, Unguja. Asubuhi yake, kwenye baraza tunapokunywa kahawa, bwana mmoja akaweka kikombe chini akasema, "Hawa wageni sasa wametuchosha." Mmoja akacheka, mwengine akaguna. Mimi nikamalizia kashata yangu nikaondoka nimevimba, maana ukibishana barazani asubuhi siku nzima inaharibika. Sasa nimetulia. Si sana.

Wageni gani, jamani? Enzi za Sultani Seyyid Said, kuanzia miaka ya 1830, forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Kibhatia kutoka Kutch, India. Pembe, karafuu, sandarusi, nguo za marekani: bidhaa ikishuka au ikipanda, ushuru wake ulilipwa kwake. Wazungu walipotaka kuingia bara, walipita kwanza kwa Ladha Damji, mtu wa nyumba hiyo hiyo, kutafuta bidhaa na mkopo. Na Diwali kwa wafanyabiashara wa Kigujarati ndiyo mwaka mpya wa hesabu. Daftari la zamani linafungwa, jipya linafunguliwa kwa ibada. Mji uliokuwa ukiendeshwa kwa madaftari yale hauwezi leo kujifanya umeshtuka kusikia kuna Diwali.

Yule bwana, kwa taarifa yenu, baba yake aliingia Mji Mkongwe baada ya Mapinduzi. Simcheki kwa hilo. Babu yangu mimi alishuka kwenye jahazi kutoka Pemba na mkeka wake kwapani. Lakini nyumba anayokaa ina mlango wa Kigujarati, ule wa mbao ndogo ndogo za mraba zinazokunjana. Kila siku anaufungua na kuufunga, anaupaka mafuta watalii wapate kuupiga picha, halafu anatoka nje kuwaita waliouchonga wageni. Baada ya Januari 1964 nyumba zilichukuliwa na watu wakaondoka, wengine Dar, wengine Uingereza, wengine India ambako hawakuwahi kufika kabla. Waliobaki ni familia chache. Hekalu la Kihindu la Shiv Shakti, hapo hapo Hurumzi, halikufungwa kwa sababu wachache hao hawakukubali lifungwe. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuhama, asihame, mimi simwiti mgeni. Nadhani amethibitisha uenyeji wake kuliko mimi ambaye sikuwahi kufukuzwa na yeyote.

Kinachonichekesha zaidi ni hiki. Mwaka 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi yake Bweleo, hapa hapa Unguja, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, na tulishangilia. Na mimi nilishangilia, mwanangu anapenda hesabu. Wahindi wa Bweleo tukawaita fahari ya visiwa. Kumbe Mhindi akija na shahada kwa ndege ni neema, na yule aliyezaliwa Mnazi Mmoja, akasoma skuli na mimi, anayenishinda kwa Kiunguja cha matusi, huyo ndiye mgeni! Hebu mniambie mantiki yake iko wapi.

Najua mtakalosema. Mikopo ya karafuu. Ndiyo, wenye mashamba walizama katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi, wengine wakapoteza mikarafuu yao. Utumwa pia: mwaka 1860 Balozi wa Kiingereza Rigby aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi, kwa hiyo mikono haikuwa misafi. Sawa. Nimekubali. Lakini mwenye mashamba hayo alikuwa nani, na misafara ya kutoka bara ilikuwa ya nani? Tukianza kukagua mababu mmoja mmoja, barazani kwetu hatabaki hata muuza kahawa.

Mama yangu hakuwa na habari na mambo ya Jairam. Yeye alikuwa na habari na sahani. Diwali ilipofika, jirani yetu wa Kihindu alileta ladu, yale madonge matamu, na chevda, vitafunio vya chumvi, kwenye sahani ya bati yenye maua, imefunikwa kitambaa. Na sahani hairudi tupu, hilo kwetu halina mjadala. Tatizo likawa utie nini. Pilau haiwezekani, ina nyama. Mkate wa kumimina una yai, na bibi yule hakugusa yai. Sambusa za mboga zina vitunguu, navyo hakula. Mama akakaa na swali hilo kama mtu anayetafuta fatwa, mwisho akaamua: halua, na mkungu mdogo wa ndizi kisukari. Na halua yenyewe alikwenda kumuuliza mpishi kwanza ametia nini, akahakikishiwa ni wanga, sukari, samli na iliki. Hakuna aliyemfundisha hayo kwenye semina ya kuvumiliana. Alikuwa anaogopa aibu tu, kumpelekea jirani kitu asichoweza kukila.

Ndiyo maana maneno ya vipeperushi vya utalii hunipanda kichwani. "Msikiti, kanisa na hekalu vinatazamana." Mgeni anapandishwa juu ya hoteli, anaonyeshwa mnara wa hekalu wenye rangi zake, kule misikiti, kule kanisa la Minara Miwili, anakunywa chai ya viungo, anashuka. Ukimuuliza aliyemwongoza jina la mtu mmoja tu anayeswali mle hekaluni, hana.

Sasa fataki. Hapo, nimebanwa. Saa sita usiku ni saa sita usiku, na kwenye vichochoro vyetu mlipuko mmoja unapiga kuta nne kabla haujafa. Mtoto wa dada yangu alilia mpaka akatapika. Jirani akikukera unamwendea, unapiga hodi, unamwambia, "Bwana, mwakani tumalize saa tatu," naye atanung'unika kisha atakubali, kama tulivyokubaliana na wenye harusi na ngoma zao, na kama wao wanavyovumilia vipaza sauti vyetu vya daku mwezi mzima. Yule bwana wa kahawa anakaa milango minne tu kutoka hekaluni. Aende. Atakaribishwa ndani, atapewa ladu, na sahani akipewa amuulize mama yangu ya kurudishia. Bado yuko hai na ana majibu.