Gutenberg angechapa juu ya nini?

Ukizuka mjadala kuhusu uvumbuzi wa Wachina wa kale, kuna hoja isiyokosa msemaji: walivumbua, ila hawakujua kutumia. Uchapaji, kwa mfano, eti ulilala mpaka Wazungu walipoupa kazi.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Bi Sheng, fundi wa China, alibuni herufi za kupangwa, yaani moja moja zinazoweza kupangwa upya na kutumika tena, miaka ya 1040, karne nne kabla ya Gutenberg, Mjerumani aliyeanzisha uchapaji wa namna hiyo Ulaya, na bado China iliendelea kuchapa zaidi kwa vibao vya mbao vya kuchonga mpaka karne ya 19. Wala hakuna ushahidi kwamba Gutenberg aliiga Mchina yeyote. Kalibu yake ya kumiminia herufi za madini na wino wake wa mafuta ni sifa zake halali.

Lakini hebu tazama kazi ya Bi Sheng ilivyoelezwa na Shen Kuo, mwanazuoni wa karne hiyohiyo. Herufi za udongo, nyembamba kama ukingo wa sarafu, zilichomwa motoni, kisha zikapangwa juu ya bamba la chuma lenye utomvu wa msonobari, nta na majivu ya karatasi. Mabamba yalikuwa mawili: moja likichapa, jingine linapangwa. Shen anasema wazi kwamba kwa nakala mbili tatu njia hii haifai. Faida yake iko kwenye mamia na maelfu.

Hizo ni hesabu za karakana, na wachapaji wa China walizipiga vizuri. Mwandiko wao una alama maelfu, hivyo herufi za kupangwa zingehitajika maelfu. Kibao kikishachongwa kinawekwa ghalani, na mteja akija kinachapa tena, bila vitabu kuoza dukani. Kati ya 971 na 983, mjini Chengdu, vilichongwa vibao vipatavyo 130,000 vya maandiko ya Kibuddha. Wasiojua kutumia uchapaji walivichonga vya nini?

Halafu kuna karatasi, ambayo wabishi huiruka. Cai Lun, ofisa wa ikulu ya Han, ukoo uliotawala China wakati huo, aliwasilisha yake mwaka 105, ya magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Ufundi huo ulipita Samarkand na Baghdad, ukafika Hispania na Italia. Gutenberg alichapa Biblia zipatazo 180, nyingi kwenye karatasi, chache kwenye ngozi. Nakala moja ya ngozi ilihitaji ndama wapatao 170. Zingekuwa zote za ngozi, ni ndama zaidi ya 30,000, kwa kitabu kimoja tu! Vijitabu vya Luther, mwanamageuzi wa Kanisa, vilivyozagaa Ujerumani miaka ya 1520 visingekuwapo kwa bei hiyo. Mtambo ulikuwa wa Mainz, mji wa Gutenberg. Kilichoufanya ulipe ni karatasi.

Ajabu ni kwamba China yenyewe huipa nguvu hoja ya wapinzani wake. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 ilionyesha kwa fahari herufi za kupangwa, ikijipima kwa kipimo cha Gutenberg, wakati vitabu vilivyowasomesha Wachina kwa karne nyingi vilitoka kwenye vibao vya kuchonga.