Nilimlalia Sange

Kupanda msitu wa Ndundulu kutokea kijiji cha Udekwa ukiwa na sufuria tatu mgongoni si mchezo. Mimi nilikuwa mpishi wa kambi, na kwa watafiti wale mpishi ni mpagazi anayejua kusonga ugali. Juu ya sufuria nilibebeshwa dumu la mafuta na kiroba cha maharage. Mtafiti mwenyewe alibeba daftari na chupa ya maji, tena ndiye aliyekuwa akinihimiza: "Kaza mwendo, mjomba, giza hilo!"

Safari yenyewe ilikuwa ya kumtafuta sange wa uso wa kijivu. Kama humfahamu usijali, hata wanasayansi wamemjua juzijuzi: kamera ilimnasa mwaka 2005, akatangazwa rasmi mwaka 2008. Makazi yake yanayojulikana ni misitu michache tu ya milima ya Udzungwa, Tanzania, Ndundulu ukiwemo. Ana uzito wa gramu 700 hivi, na kwa masange huyo ni pandikizi la mtu. Uso kijivu, kiuno cheusi tititi, na pua ndefu anayoipekenyua kwenye majani makavu akitafuta mchwa, mende na nyungunyungu. Ukimtazama utasema panya, lakini wataalamu wanasema kiukoo yuko karibu zaidi na tembo. Mpagazi mmoja mzee aliposikia hivyo akauliza pembe zake huwa anaziacha wapi.

Sasa, jua linazama, wenzangu wametangulia, magoti yangu yamegoma. Chini ya mti nikaona lundo la majani makavu, limerundikwa vizuri, laini. Nikasema Mungu si Athumani. Nikashusha mzigo, nikajinyoosha, nikalaza kisogo.

Lundo likalipuka. Kitu kilichomoka chini ya kichwa changu, kikanichapa mkia wa sikio, kikatokomea. Akili yangu ikaniambia swila. Niliruka nikatua juu ya kiroba, kiroba kikapasuka, maharage yakaanza safari ya bondeni. Sufuria kubwa ikayafuata, ngwa! ngwa! ngwa!, ikisalimia kila jiwe. Huko mbele wapagazi waliposikia kishindo wakapiga kelele "Tembo!" na kutawanyika. Kwa maelezo ya ule ukoo, hawakukosea sana.

Mtafiti akaja mbio, nikadhani amekuja kuniokoa.

"Kiuno chake kilikuwa cheusi?"

"Bosi, nilifumba macho."

"Kiota umekiharibu?"

Akapiga magoti kwenye kitanda changu, akaanza kukipima kwa futi. Ndipo akanieleza kwamba sange hulala usiku kwenye viota vya majani namna ile, na kwamba dume na jike hukaa eneo moja lakini kila mmoja na kitanda chake. Sikio langu hakuliuliza habari.

Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi. Nilipoona nyuso zimenuna nikawakumbusha kwamba kwale wa Udzungwa, aliyegunduliwa mwaka 1991, watafiti walimshtukia baada ya kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria kambini. Wapishi tumeshatoa ndege, leo tumetoa na sange, shahada tunapewa lini? Hakucheka mtu.

Mtafiti alikuwa ameshafunga kamera ya mtego pale kwenye kiota, zile zinazojipiga zenyewe kitu chenye joto kikipita. Akatukataza kusogea. Lakini mfuniko wa sufuria ulikuwa bado haujaonekana, na wali bila mfuniko mimi siujui. Alfajiri nikanyata na tochi, nikafukua majani kila upande mpaka nikaupata, nikarudi kuwasha moto kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Mchana kamera ikafunguliwa mbele ya kambi nzima. Picha ya kwanza, mimi. Ya pili, mimi, kwa magoti. Mfululizo mzima ni makalio yangu, na saa imeandikwa chini. Wenzangu wakawa wanagaragara. Kwenye picha ya mwisho mtafiti akanyamaza, akaikuza. Nyuma yangu, hatua mbili tu, sange wa uso wa kijivu amezamisha pua pale nilipofukua, anakula nyungunyungu wangu bila wasiwasi.

Nikamwomba anikate, abaki mnyama peke yake.

"Haiwezekani, mjomba," akasema. "Bila makalio yako watu watajuaje ukubwa wake?"