Boya likitiwa ziwani, nani atapoteza samaki?

Kila wavuvi wa Kenya kutoka Migori au Homa Bay wanapokamatwa katika Ziwa Victoria kwa madai ya kuvuka mpaka wa Uganda au Tanzania, wanasiasa wetu hurudia wimbo mmoja: mpaka uwekewe alama za maboya, kila mtu ajue pake. Hoja hiyo ina mashiko, na sehemu yake nitaitetea. Tatizo ni kwamba wengi wanaoitoa hawaonekani kuwa wameisoma hati ya mpaka wenyewe.

Maelezo ya mpaka wa Kenya na Uganda yaliandikwa na Waingereza mwaka 1926, na yamo hadi leo katika Katiba ya Uganda ya 1995. Mpaka unaanzia majini, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, mahali palipo kusini moja kwa moja mwa ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid. Unapanda hadi kwenye ncha hiyo, unaelekea Ilemba, Kiringiti na Mageta, unapinda hadi Sumba, kisha unafika katikati ya mlango wa mto Sio. Ile latitudo ya digrii 1 nayo ndiyo mpaka wa Tanzania humo ziwani, kama Waingereza na Wajerumani walivyogawana mwaka 1890. Nchi tatu basi zinakutana mahali pamoja, magharibi mwa Muhuru, ambapo hapana mwamba wala kigingi. Ni maji matupu.

Kwenye maandishi, kwa hiyo, mpaka upo. Ugomvi huanza ukitaka kuupata ukiwa ndani ya boti. Ramani za wapima ardhi wetu zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa 1960, ilhali simu ya mvuvi hutumia mfumo wa setilaiti. Tafuta digrii 1 kusini katika mifumo yote miwili na utapata sehemu mbili zilizoachana kwa mita 300 hivi. Na hiyo ncha ya magharibi ya kisiwa ni ipi, ya mwaka gani? Mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza fuo na nyumba pande zote tatu. Kisiwa kidogo kikimezwa ufuo, ncha yake husogea, na mstari unaoning'inia kwenye ncha hiyo nao husogea.

Kwa mvuvi hayo si masuala ya vitabuni. Anayetega nyavu za mbuta, yaani sangara, huzishusha jioni, akafunga majerikeni matupu juu yake ili azitambue, na alfajiri huenda kuzitafuta. Usiku kucha upepo na mkondo vimekuwa vikizisukuma. Akizikuta zimevuka, atafanya nini? Nyavu hizo huenda ni za mkopo. Atazifuata, na akikutana na doria ya nchi ya pili, au ya tatu, hana namna ya kuthibitisha alipokuwa. Askari ndiye anayesema mpaka uko wapi, na injini inazuiliwa hadi faini ilipwe, yenye risiti au isiyo nayo.

Hapo ndipo wanaotaka maboya wana haki kabisa. Mpaka usioonekana ni mtaji wa kila mwenye bunduki na boti ya kasi. Maboya yenye taa, pamoja na jedwali moja la vipimo lililotiwa saini na serikali zote tatu, yangempa mvuvi kitu cha kuonyesha mbele ya hakimu.

Upande wa pili nao hauna wajinga. Wanauliza: tukishaweka maboya, tutakuwa tumepata nini? Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili. Tanzania ina karibu nusu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Uganda. Maji yenye kina, ambako mbuta wakubwa wanapatikana, kwa kiasi kikubwa hayako kwetu. Miaka yote hii wavuvi wa Kenya wamekuwa wakivua ng'ambo kwa sababu mpaka hauonekani vizuri. Utie taa uone kama hawatakuwa wa kwanza kulia.

Kisiwa cha Migingo kilitufundisha hilo, kama tulitaka kufundishika. Ni mwamba wa nusu ekari hivi uliojaa mabati. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilikaribia kushikana mashati kwa ajili yake. Mei mwaka huo Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila maji yanayokizunguka, akasema, ni ya Uganda. Huku tulicheka. Lakini vipimo vya Kenya vilikiweka kisiwa karibu nusu kilomita tu ndani ya mpaka wetu. Mvuvi anayetoka hapo kuelekea magharibi anafika Uganda kabla injini haijapata moto. Mwamba tulishinda, samaki hatukushinda.

Wengine huogopa kufufua madai ya kale, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hadi 1902 hapa Kisumu, pamoja na Nakuru, palihesabiwa kuwa Uganda, na Idi Amin alilikumbuka hilo mwaka 1976 alipodai magharibi mwa Kenya. Hata hivyo viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni ibaki ilivyo. Kupima mpaka uliopo hakumrudishii mtu yeyote Nakuru.

Mimi nataka maboya, ila si kwanza. Kwanza iwepo leseni moja ya uvuvi inayotambulika na nchi zote tatu katika ukanda fulani kila upande wa mpaka, yenye ada inayojulikana na kikomo cha boti. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini papa hapa Kisumu mwaka 1994, kwa hiyo meza ya kuzungumzia ipo. Kenya nayo haiendi mikono mitupu, maana mbuta na omena (dagaa) wengi wa ng'ambo hupata wanunuzi kwetu, na wafanyabiashara wa Uganda na Tanzania hawatapenda soko hilo lifungwe.

Uganda na Tanzania zina sababu ya kusitasita. Samaki wamepungua, na mwaka 2017 Uganda ilianza kutumia jeshi kupambana na nyavu haramu. Zikiuliza kwa nini ziwafungulie mlango watu waliomaliza samaki wao, tutahitaji jibu, na jibu hilo litaanzia kwenye nyavu za macho madogo zinazouzwa waziwazi katika masoko yetu. Mbunge anayedai maboya aanze hapo, kisha awaambie wapiga kura wake wa Nyatike na Suba ni upande gani wa boya nyavu zao zitakuwa.