Tana ukifurika, setilaiti huona kijani

Kila Mto Tana wa Kenya unapovunja kingo, maneno ni yale yale. Wapo wanaouliza mbona watu hawahami. Wapo na wengine, wenye huruma zaidi, wanaosema dawa ni bima: mkulima wa Garsen na mfugaji wa Hola wachukue bima ya mafuriko kama mwenye gari anavyochukua bima ya gari, mto ukija walipwe, wasikae wakingoja mahindi ya msaada. Wakiona watu wa kule hawaikimbilii bima hiyo, husema hawajaelimishwa. Hapo ndipo ninapoachana nao. Naamini mkulima wa kaunti ya Tana River anaijua hesabu ya bima kuliko tunavyomdhania.

Mpokomo, mkulima wa asili wa kando ya mto huu, analima ukingoni kwa sababu ya mafuriko yenyewe. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba na unyevu wa kutosha kupanda mpunga na mahindi, katika kaunti ambayo ukiuacha mto nyuma kidogo tu umeingia kwenye ukame. Mworma na Mwardei, wafugaji wa huku, hushuka na ng'ombe hadi delta wakati wa kiangazi kwa sababu hiyo hiyo: malisho yameota pale maji yalipolala. Mto huu haujawahi kushika njia moja. Karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na Tana ukaufuata mfereji huo, ukahamia Kipini. Ukimwambia mtu wa huku ayahame mafuriko, unamwambia aache shamba.

Sasa tupige hesabu. Chukua mfano wa shamba lenye mazao ya shilingi 40,000. Kama mto hulifagia mara moja kila miaka mitano, kampuni inahitaji kukusanya shilingi 8,000 kila mwaka ili iweze tu kurudisha hasara hiyo, kabla haijamlipa wakala, kodi ya ofisi na wenye hisa. Moja ya tano ya mavuno imekwenda, na mwaka wenye mafuriko ya wastani huenda ukawa ndio mwaka wa neema. Bima ni nzuri kwa balaa linalowapata wachache kwa nadra, kama nyumba kuungua mtaani. Tana umefurika vibaya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika 2018, ukafurika mwishoni mwa 2023, na kabla watu hawajakausha magodoro ukafurika tena Aprili 2024, mwezi ambao barabara ya Madogo kwenda Garissa ilimezwa na maji na mashua ikazama Kona Punda ikiwa na abiria waliokuwa wakijaribu kuvuka. Jambo linalorudi hivyo ni gharama ya kuishi pale. Ukiligawa katika malipo ya kila mwezi, gharama hiyo haipungui.

Kampuni za bima nazo zina hoja ambayo haifai kupuuzwa. Moto huchoma nyumba moja, ila mto huchukua vijiji ishirini usiku mmoja, na wote wenye bima hudai siku moja. Tena anayekimbilia kununua ni yule wa bondeni kabisa, wa juu hana haja nayo, kwa hiyo kapu la pamoja halina wa kumbeba mwenzake. Na ukimlipa mtu ajenge palepale, umemsaidia kungoja maji mengine. Marekani wanalijua hili. Mpango wao wa taifa wa bima ya mafuriko ulianzishwa 1968, na kufikia 2017 ulikuwa umezama katika madeni kiasi kwamba Bunge lao liliufutia dola bilioni 16 zilizokopwa hazina. Miongoni mwa waliolipwa zimo nyumba zilizofurika na kufidiwa tena na tena.

Lakini tazama wenye uwezo walivyofanya soko liliposhindwa. Uingereza ilianzisha Flood Re mwaka 2016: kampuni zote zinazouza bima za nyumba huchangia mfuko mmoja kwa kodi maalumu, na mwenye nyumba penye mafuriko hupata bima kwa bei ya kuvumilika. Nyumba zilizojengwa kuanzia 2009 hazimo, ili mtu asijenge bondeni akitegemea mfuko. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba wa York hakuachwa abebe mto wake peke yake. Anayetaka Mpokomo abebe Tana peke yake anadai kwa maskini jambo ambalo tajiri hadaiwi.

Kuna jambo moja ambalo kila nikiliwaza hunikosesha raha. Tana River tayari imeonja bima ya serikali. Mpango wa bima ya mifugo, ulioanza 2015 kule Wajir na Turkana, ulipanuliwa hadi kaunti nane za ukame, Tana River ikiwemo. Serikali ililipia kila kaya iliyoandikishwa idadi ndogo ya mifugo, na hakuna aliyetumwa kuhesabu mizoga: setilaiti ilipima ukijani wa malisho kutoka juu, ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, pesa zikatumwa. Kwa ukame, ni ubunifu wa kusifiwa. Fidia ilimfikia mfugaji bila afisa kusafiri na bila mtu kubishana naye kuhusu ng'ombe aliyekufa lini.

Fikiria basi kipimo hicho kinaona nini mto ukifurika. Kinaona kijani. Mbuzi wamesombwa, ng'ombe wamesimama ndani ya maji mpaka kwato zikaoza, mbung'o na mbu wamezagaa, boma limehamia kilimani, na chombo kule angani kinasoma kwamba msimu ni mzuri. Hakikukosea, kwa sababu kilitengenezwa kuuliza swali moja tu, la nyasi. Na mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliwakuta wafugaji wametoka katika ukame wa misimu mitano mfululizo, mifugo iliyobaki ikiwa mifupa na ngozi. Wanyama waliookoka kiangazi walikufa kwa baridi na maji. Mfugaji aliyeambiwa ana bima, kisha akaona kundi lake linaisha na simu haitoi mlio wa pesa, amefundishwa kuhusu bima somo ambalo semina ya hotelini haitalifuta. Tukirudi kumwuzia bima ya mafuriko akakataa, tusimwite mjinga.

Kwa hiyo nadhani mteja wa bima ya mafuriko Tana River anapaswa kuwa kaunti yenyewe. Kaunti inunue bima inayolipa kwa kipimo cha kina cha mto pale Garissa: maji yakifika alama fulani, fidia itoke, bila kusubiri tathmini. Mto huchukua siku kadhaa kutoka Garissa hadi delta. Pesa zikitoka siku alama inapoguswa, zinaweza kukodi mashua na malori, kununua maturubai, chanjo za mifugo na dawa za kipindupindu kabla Garsen haijaingia maji. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, ila matumizi yake kwa mwaka yamewekewa kikomo cha asilimia 2 ya mapato. Mwaka kama 2024 kiasi hicho huisha mapema. Bima ingesimama juu ya mfuko huo.

Swali la nani alipe haliwezi kutenganishwa na mabwawa. Juu ya mto huu yapo matano ya kuzalisha umeme, yaitwayo Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Wahandisi wanasema, na ni kweli, kwamba mabwawa hupunguza kishindo cha maji. Lakini tangu Masinga likamilike 1981, yaliyopungua zaidi ni mafuriko madogo, yale yanayomletea mkulima tope bila kumvunjia nyumba. Makubwa bado yanakuja, kwa sababu bwawa lililojaa halizuii tena kitu, kama ilivyokuwa Aprili 2024 maji yalipomwagika na watu wa chini wakaambiwa wahamie juu. Umeme wa pale husaidia kuwasha nchi nzima. Sehemu ndogo ya mapato yake ikilipia bima ya kaunti iliyo mwisho wa mto, sioni kuwa ni sadaka.

Mpango huu nao una hatari zake, na Malawi imezionja. Katika ukame wa msimu wa 2015/16 nchi hiyo ilikuwa imelipa ada ya bima ya dola milioni 4.7 kwa mfuko wa bima wa Umoja wa Afrika, mahindi yakakauka, na hesabu za kompyuta zikasema hakuna cha kulipwa. Ilibainika kwamba mfumo ulidhani wakulima wanapanda mbegu ya muda mrefu, kumbe walikuwa wameshahamia ya muda mfupi. Dola milioni 8.1 zililipwa baadaye, njaa ikiwa imetangulia. Alama ya Garissa inaweza kukosea vivyo hivyo: kijito cha bondeni kinaweza kufurika kwa mvua ya huku huku chini, maji ya Garissa yakiwa ya kawaida. Ndiyo maana alama moja haitoshi, inahitajika nyingine chini zaidi, karibu na Garsen, na anayeisoma awe mtu ambaye vijiji vya pale vinamjua na vinaweza kumwuliza amesoma nini leo.