Hela yangu ya uzeeni imekwenda kwa miguu

Jamani wadau kuna kitu naomba mnieleweshe maana mi nimeshindwa. Hivi inakuwaje hela ikitoka kwenye mshahara wangu inatoka sekunde hiyo hiyo, fyuu, ila ikiambiwa iende kwenye akaunti yangu ya uzeeni inakwenda kwa miguu, tena miguu ya mtoto aliyetumwa kiberiti akakuta wenzie wanacheza mpira?

Mi niko huku Marekani, naendesha foklifti kwenye bohari moja, jina silitaji kwa sababu bado nakula pale. Tuko watu 43. Tukaitwa kikao tukaambiwa jamani uzee unakuja, wekeni akiba, ile inayoitwa 401(k). Hilo jina lililokaa kama namba ya mfungwa ni kifungu tu cha sheria ya kodi, yaani hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuipa jina la maana, mama watoto yeye anaiita "foro wani" halafu anaishia hapo hapo. Nikasema poa, nikateni dola 85 kila mshahara, na sisi mshahara ni kila wiki mbili. Nikasaini kwa mbwembwe zote nikijiona mtu mwenye akili.

Ijumaa slipu ikaingia kwenye simu. Nikafungua, nikashuka taratibu kwa kidole, kodi, bima, kodi nyingine, halafu kale kamstari kenyewe: 401(k), kutoa 85.00. Roho ikafurahi bana. Nikakimbilia kwenye app ya akaunti yenyewe nikaione hela yangu imekaa wapi, nikakuta sifuri nukta sifuri sifuri. Nikasema labda ni wikendi. Jumatatu sifuri. Jumatano sifuri. Mshahara wa pili ukaja, wakakata tena 85, sifuri ikabaki imekaa pale pale imekunja nne. Nikawa naingia kwenye ile app mara tano kwa siku, chooni, kwenye foleni ya microwave, juu ya foklifti (msiwaambie), kama kijana anayesubiri meseji ya mchumba aliyemblock.

Ikafika makato ya nne. Mama watoto akaniuliza, "Baba, we unakatwa au unaibiwa?"

"Nakatwa."

"Hela ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinatoka wapi?"

Hapo nikaangalia dari, maana kusema kweli mi nilidhani zinatoka kwangu.

Kesho yake nikamfuata dada wa peroli, mstaarabu sana yule dada, anatabasamu hata akikupa habari mbaya. Akaniambia iko kwenye mchakato. Sasa neno mchakato mi nalijua kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ukilisikia ujue hakuna aliyeshika kitu mkononi. Nikamwambia dada, hizi ni wiki nane. Akasema usiwe na wasiwasi, sheria inatupa mpaka siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata. Nikahesabu kwa vidole pale pale dirishani, nikamwambia hata kwa hesabu hiyo zile mbili za mwanzo muda wake umeshapita. Akatabasamu. Nikaondoka.

Kosa lake ni kunitajia sheria. Mi mtu ukinitajia sheria silali. Usiku nikakaa na simu mpaka macho yakawa mekundu, na kumbe ndugu zangu sheria yenyewe ipo, ya mwaka 1974, wanaiita ERISA, na haisemi anavyosema dada. Inasema hela ya mfanyakazi ikishakatwa iende kwenye mfuko mapema kadiri inavyowezekana kuitenganisha na hela za kampuni. Ile siku ya 15 ni ukuta wa mwisho, sio ruhusa ya kulala. Na mifuko midogo yenye watu chini ya 100, kama sisi 43, kipimo chao cha usalama ni siku 7 za kazi, ukiweka ndani ya hizo saba hakuna wa kukugusa. Halafu eti kabla ya 1997 ule ukuta ulikuwa siku 90! Siku tisini! Waliostaafu zamani huku nawapa heshima zao, walikuwa wanafanya kazi na imani tupu.

Nikaendelea kusoma, nikakuta Wizara ya Kazi ya huku imeweka dalili za kukuonyesha kama hela yako inachezewa. Nikazisoma kama mtu anayegugo kikohozi saa nane usiku. Makato hayaonekani kwenye akaunti, ninayo. Taarifa inachelewa kila mara, ninayo. Walioacha kazi wanasumbuka kulipwa haki zao, hiyo sijui ila kuna mzee mmoja aliacha kazi na kila mwezi anarudi pale getini, mi nilidhani ametumiss. Mwajiri amepatwa na shida kubwa ya hela... hapo nikasita, maana bosi juzi kaja na pikapu mpya bado ina nailoni kwenye viti, sasa hiyo ni dalili ya kuwa na shida ya hela au ya kutokuwa nayo?

Kilichonichoma zaidi ni hesabu. Nikachukua karatasi. Tuseme kila mtu anakatwa dola 80 kwa wastani, mara 43, ni 3,440 kila mshahara. Mara mishahara minne, ni 13,760. Wiki nane zile hela zimejikusanya mahali, na sio kwangu! Bosi angeenda benki kukopa dola elfu kumi na tatu angeulizwa dhamana, angeulizwa mahesabu, angejaza fomu mpaka jina la bibi yake. Kwetu hajaulizwa hata hali. Yaani mi dereva wa foklifti ninayepanga chumba na sebule ndiye naikopesha kampuni, bila riba, bila mdhamini, na asubuhi namwamkia mdeni wangu nimevua kofia.

Ila sheria haijamsahau jamani, adhabu ipo, ngojeni mcheke. Akichelewesha anatakiwa arudishe na faida ambayo hela yangu ingezaa kama ingefika kwa wakati. Nikapiga hesabu yangu ya mtaani, dola 340, tuseme asilimia 7 kwa mwaka, kwa wastani zimechelewa mwezi, ikaja kama dola mbili. Sawa, haki ni haki. Juu ya hapo kuna kodi ya adhabu anayolipa serikalini, asilimia 15. Nikashangilia peke yangu, mpaka nilipoona ni asilimia 15 ya ile faida, sio ya hela yenyewe. Yaani asilimia 15 ya dola mbili. Senti 30! Mi nikichelewa dakika nane mashine ya kuchapa kadi inanikata robo saa nzima, maana inapandisha kwenye robo ya karibu. Nikichelewa saba inanisamehe, nane hainijui.

Nikamwonyesha jamaa yangu wa zamu, akasema tulia, soko lilishuka mwezi ule, bora hela hazikuingia, umeepuka hasara. Kuna watu ukiibiwa mwavuli wanakwambia mbona jua limewaka.

Basi wiki iliyopita nikaenda tena dirishani, safari hii na slipu zangu nne nimezichapa, nikamwambia dada kwa upole kwamba Wizara ya Kazi ina washauri wa bure wa mambo haya na kwamba sheria inakataza kumfukuza mtu kwa kuulizia haki yake. Tabasamu likapungua kidogo upande wa kushoto. Siku mbili baadaye simu ikalia nikiwa juu ya foklifti, nikafungua app, 340.00! Nne zote! Nikapiga honi, watu wakadhani kuna ajali.

Nikaangalia vizuri. Ni 340 kavu. Zile dola mbili za faida hazimo.

Sasa mi sio mtu wa kuacha dola mbili. Jana asubuhi kabla ya saa mbili nikawahi dirishani, dada akafungua kompyuta, akatafuta, akampigia mtu, akashikilia simu, akaniambia njoo Ijumaa, iko kwenye mchakato. Nikakimbia kwenye mashine, nikachapa kadi, ikasoma saa mbili na dakika nane.

Robo saa yangu ni dola 4 na senti 50, na imeshakatwa, nimeiona leo asubuhi kwenye mfumo. Hiyo haikuwa na mchakato.