Mpangaji atahama, kuta zitabaki

Kila nikisikia jengo la kale linageuzwa "kituo cha biashara na utamaduni", najiuliza: duka likifungwa, watu watabakiwa na nini?

Si uchokozi. Pale Venice, Italia, karibu na daraja la Rialto, lipo jengo la Fondaco dei Tedeschi. Lilijengwa mwaka 1228 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kijerumani, likaungua 1505, likajengwa upya, na katika karne ya 20 likawa posta. Mwaka 2016, baada ya ukarabati uliosanifiwa na OMA, ofisi ya msanifu majengo Rem Koolhaas, likafunguliwa kama duka la kifahari la kampuni ya DFS. Utamaduni ukapewa ukumbi wa juu na roshani ya kutazamia mji. Mwaka 2025 duka likafungwa. Miaka 10 haikutimia! Na posta, ambako mtu yeyote aliingia na barua yake, ilishahama zamani.

Biashara siikatai. Fondaco lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya biashara, na jengo lisilokaliwa huoza upesi, kwani paa likianza kuvuja hakuna wa kulishtukia. Hata Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wengi wa majengo ya kale huuegemea, unakubali kwamba jengo likitumika kwa manufaa ya jamii ni rahisi kulitunza, mradi matumizi hayo yasivuruge mpangilio wala mapambo yake. Watangazaji wa miradi hii hupenda kunukuu nusu ya kwanza tu.

Kinachonikera ni utamaduni kuwa kama kachumbari pembeni ya sahani: picha chache ukutani, tamasha siku ya ufunguzi, basi. Wanaolipa kodi kubwa ya pango ndio wanaopewa ghorofa ya chini na mlango wa mbele. Halafu fundi mwenye haraka anazipiga kuta za chokaa lipu ya saruji, unyevu unakwama ndani, na baada ya miaka michache ukuta unaanza kumeguka. Duka likiondoka, hasara hiyo haliondoki nayo.

Mfano ninaoupenda uko Maastricht, Uholanzi. Kanisa la Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, lililowekwa wakfu mwaka 1294 liliacha kuwa kanisa baada ya uvamizi wa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 18, likawa ghala, na kuna wakati lilitumika kuegeshea baiskeli. Mwaka 2006 likawa duka la vitabu. Wasanifu wa Merkx+Girod waliweka rafu za chuma za ghorofa kadhaa zinazosimama zenyewe upande mmoja, bila kuegemea nguzo za kale. Kesho zikifunguliwa na kutolewa, kanisa litabaki kanisa. Na unaweza kuingia, ukapanda ngazi, ukatazama michoro ya darini, ukatoka bila kununua kitu.

Kampuni iliyomiliki duka hilo ilipofilisika mwaka 2014, wateja walichanga pesa ili lisifungwe. Duka la mikoba ya kifahari nani angelichangia?