Kipigo cha Michigan kwa Ohio State kiliwafundisha nini Notre Dame?

Kuelekea fainali ya futiboli ya vyuo vya Marekani, iliyopigwa Atlanta Januari 20, 2025, benchi la ufundi la Notre Dame lilikuwa na mikanda (video za mechi) ya kutosha ya mpinzani wake, Ohio State. Tatizo ni kwamba mikanda yenyewe ilikuwa inapingana.

Mmoja ni wa Novemba 30, 2024. Michigan, waliokuwa na msimu wa kusuasua, walikwenda Columbus, nyumbani kwa Ohio State, wakashinda 13-10. Siku ile Ohio State waling'ang'ania kukimbiza mpira katikati, pale pale waliposimama Mason Graham na Kenneth Grant, mapande mawili ya watu ambayo mwaka uliofuata yalichaguliwa na timu za ligi ya kulipwa, NFL, katika raundi ya kwanza. Kotabeki wa Ohio State, yaani mrushaji pasi, Will Howard, alinaswa pasi mbili na wapinzani. Mpigaji wao wa mikwaju ya pointi tatu akakosa miwili.

Mwingine ni wa Januari 1, mchezo wa mtoano wa Rose Bowl. Oregon, ambao hawakuwa wamepoteza hata mechi moja, walijikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko, wakaishia kufungwa 41-21. Jeremiah Smith wa Ohio State, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, alipokea pasi za yadi 187.

Timu ni ile ile, kocha ni yule yule. Unaamini mkanda upi?

Anayeuamini ule wa Michigan ana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Ohio State walikuwa wamempoteza Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa kotabeki, mwezi Oktoba. Novemba akaumia Seth McLaughlin, anayesimama katikati ya safu hiyo. Majeruhi hawaponi kwa sababu kocha amebadili mbinu, kwa hiyo udhaifu ulikuwepo bado, ukisubiri mtu wa kuubonyeza.

Anayeuamini ule wa Oregon anajibu kwamba Columbus haikuonyesha udhaifu wa wachezaji, ilionyesha uamuzi wa benchi lao. Ukiwa na wapokeaji pasi Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate pembeni, halafu ukaamua kugonga ukuta katikati, umejikaba mwenyewe. Mtoano ulipoanza, mratibu wa mashambulizi Chip Kelly aliachana na ubishi huo. Tennessee wakachapwa 42-17, kisha Oregon. Mimi niko upande huu, ila si mzima mzima, kwa sababu kuna mkanda wa tatu.

Januari 10, kwenye nusu fainali, Texas walimwekea Smith ulinzi mzito hadi akapokea pasi moja tu, ya yadi 3. Dawa imepatikana? Kwa mtu mmoja, ndiyo. Lakini Tate alipokea saba, na mkimbiaji TreVeyon Henderson alichukua pasi fupi karibu na mapumziko akakimbia nayo yadi 75 hadi mwisho. Hata hivyo ilikuwa 14-14 robo ya mwisho, na Texas walifika hadi yadi 1 kutoka mstari wa kufungia wa mpinzani kabla beki wa Ohio State Jack Sawyer hajampokonya mpira kotabeki wao na kukimbia nao yadi 83. Ohio State walishinda 28-14, matokeo yanayoficha jinsi walivyobanwa. Kwa mpelelezi makini huu ndio mkanda wa thamani zaidi, maana unaonyesha hata gharama ya kumfunga Smith.

Sasa rudi kwa Notre Dame wenyewe, maana hapa ndipo uchambuzi mwingi wa kabla ya mechi ulipopwaya. Ili uige Michigan unahitaji vifaa vya Michigan. Rylie Mills, mhimili wao wa safu ya mbele, aliumia goti dhidi ya Indiana raundi ya kwanza ya mtoano. Benjamin Morrison, beki wao bora wa pembeni, alikuwa nje tangu Oktoba. Na mfumo wa Notre Dame ulikuwa kukaba mtu kwa mtu. Mfumo huo ndio uliowafikisha fainali, wakiwazima Georgia 23-10 njiani. Kuuacha ndani ya siku 11 ilikuwa hatari. Kubaki nao dhidi ya wapokeaji wale nayo ilikuwa hatari. Kocha Marcus Freeman alibaki nao, na sidhani kama alikuwa na njia nyingine ya maana.

Walianza vizuri, tena kwa kitu ambacho mikanda ilikiruhusu: kumnyima mpinzani mpira. Shambulizi la kwanza lilikula takriban dakika 10 na majaribio 18 ya kusogeza mpira, kotabeki Riley Leonard akibeba mpira mwenyewe mara kwa mara hadi akafunga. Mpango mzuri, ila unamla anayeubeba. Ohio State wakajibu kwa tachidauni (kufikisha mpira eneo la kufungia) katika mashambulizi yao manne ya kwanza, Smith akifunga ya kwanza akiwa peke yake kabisa, na mkimbiaji Quinshon Judkins akakimbia yadi 70 katikati, kule kule ambako Michigan walikuwa wamefunga mlango. Kwa kuongeza mkwaju wa pointi tatu, ikawa 31-7.

Notre Dame wakarudi hadi 31-23. Zikiwa zimebaki kama dakika mbili na nusu, Ohio State walikuwa jaribio la tatu kati ya manne, wakihitaji yadi 11 ili waendelee kushika mpira. Notre Dame wakamwachia Christian Gray amkabe Smith peke yake, na Howard akamrushia pasi ndefu ya yadi 56. Mkwaju uliofuata ulifanya 34-23.

Wengi walimlaumu Freeman kwa uamuzi huo. Mimi ningefanya hivyo hivyo: alihitaji mpira haraka, na Texas walikwishaonyesha kwamba ukiwaweka watu wawili kwa Smith, Tate anabaki huru. Nisingekubaliana naye kwenye yadi zile 70 za Judkins. Hapo ndipo mkanda wa Novemba ulikuwa na jibu, na hakuwa na mtu wa kulitekeleza.